Kifurushi cha Breki

Payakumbuh, Ijumaa, 8 Machi 1996

Kwako mdogo wangu Asnimar, huko Palembang,

Assalamu alaikum, Pik. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na Darlis na binti yenu, na mgahawa wenu uwe umejaa watu wenye njaa. Mimi kaka yako, Uda wako, nipo. Goti la kushoto linanisema kila nikiinuka kwenye sijida, lakini nalijibu. Idi tuliisali uwanjani, mvua ikatukuta hotuba haijafika nusu, na hakuna aliyethubutu kusimama kabla ya imamu. Shemeji yangu Ernawilis alipika wali ndani ya mianzi, nikala mpaka nikaona haya.

Siku mia za marehemu mke wangu Yulidar zimeshasomwa, tangu mwisho wa Januari. Ulituma salamu na nyama, watu walishukuru. Walikuulizia.

Sasa nina jambo nataka unishauri, maana wewe ni mfanyabiashara na mimi ni mbeba mayai. Ni hili gari. Unalijua mamba langu, boneti inafunguka kama mdomo wa mamba, tulilinunua likiwa limeshachakazwa na mwenye duka la mbolea. Miaka kumi na minne limebeba mayai kwenda sokoni, Yulidar amekaa kando na trei tatu mapajani kwa sababu hakuiamini barabara. Sasa giaboksi inasaga, breki ukikanyaga zinazama mpaka chini kama umekanyaga godoro, na sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu, naiona lami ikipita. Fundi Menek anasema mambo ni mawili: ama nilifungue lote tulitengeneze upya, ama nimuuzie mtu wa vyuma chakavu nitafute jingine lenye afya kidogo. Wewe unaonaje?

Nisikufiche kwa nini nauliza. Watu wa nyumba hii ni wema kwangu. Lakini hatukujaliwa mtoto, mimi na Yulidar, na nyumba ni ya ukoo wake. Ernawilis ana binti anayeolewa mwaka huu, na bwana harusi atahitaji chumba, kama mimi nilivyohitaji nilipoletwa hapa miaka thelathini na moja iliyopita. Chumba chenyewe ni hiki ninachoandikia. Kila Ijumaa shemeji ananiuliza kwa upole, kwa jina langu la ndoa, "Sutan, ndugu zako wameandika?" Nami namjibu, "Gari bado bovu, Erna." Ananiletea kahawa na yanaisha. Gari likiwa bovu hakuna anayeweza kuniambia kitu.

Nililetwa hapa na ndugu zangu, kwa heshima, watu wakishuhudia. Mume akifiwa, ndugu zake huja kumchukua vivyo hivyo; sitatoka na begi mkononi kama mpangaji aliyefukuzwa. Lakini hilo unalijua, sina haja ya kuliandika.

Nijibu habari ya gari.

Wako, Uda Zulbahri


Palembang, 2 Aprili 1996

Kwako Uda wangu,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta, nikajua umeiandika na gari mkononi. Sisi wazima. Darlis ana kikohozi kile kile, hataki kuacha sigara, nimemwambia akifa nitamzika na pakiti. Binti yetu amepata kazi kwenye duka la vitambaa na sasa anatufundisha sisi kuuza. Mpishi wangu amenikimbia wiki ya Idi, kwa hiyo rendang, ile nyama ya nazi, nakoroga mwenyewe tangu alfajiri, mkono wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto.

Ulitaka ushauri, haya: uza. Gari ambalo ukikaa ndani unaiona barabara si gari, Uda, ni mtumbwi uliotoboka. Ukibadilisha giaboksi leo, kesho klachi itaona wivu, keshokutwa rejeta. Fundi Menek atajenga nyumba kwa gari lako. Kuna vitu vikishafika mwisho vimefika, na kuvitia fundi ni kujiongezea maumivu tu. Mtu anafanya uamuzi, anafumba macho, yanapita. Najua wewe una roho ya kushika vitu. Mimi maisha hayakuniruhusu.

Mteja wangu mmoja ana kaka yake Padang anauza magari ya mitumba yaliyotunzwa vizuri. Nikikuandikia jina lake, nenda ukaangalie.

Kuja huko kwa sasa sitaweza. Mgahawa hauna mpishi, umeona mwenyewe. Msalimie Ernawilis, mwambie nakuja panapo majaaliwa. Usimtajie mwezi.

Mdogo wako, Asnimar


Payakumbuh, 3 Mei 1996

Kwako Pik,

Salamu nyingi, na pole ya mkono. Mwambie Darlis shemeji yake anasema aache sigara, yeye anazidi kunisikiliza mimi kuliko wewe, au angalau anajifanya. Idi ya kuchinja ilikuwa njema. Nilipewa kazi ya kugawa nyama kwa sababu nina gari, halafu wakakumbuka kuwa gari halitembei, nikagawa kwa mkokoteni. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Nimeusoma ushauri wako mara tatu na siuzi. Usikasirike. Nilimwita mtu wa vyuma, akaja, akalipiga teke tairi, akalizunguka kama anayenunua ng'ombe mgonjwa. Alipofungua mlango wa kushoto akakuta trei moja tupu chini ya kiti. Nikamwambia aende zake. Akaniuliza nimekasirishwa na nini. Nilimkumbuka mke wangu, Pik, nikalia pale pale nimeshika spana, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu. Fundi Menek alijifanya anatafuta boliti.

Kwa hiyo tumelifungua. Giaboksi ipo mezani chini ya nyumba, kati ya nguzo, na Menek ameimaliza, anasema itatembea miaka mitano. Nitakuambia jambo ambalo Menek mwenyewe halijui: gia moja niliificha wiki mbili kwenye kopo la unga. Ilikuwa ile wiki ndugu za bwana harusi walipokuja kuangalia nyumba. Walipita wakaona gari limefumuka kila mahali, Ernawilis akawaambia, "Ni la Sutan, analitengeneza ili aende kwao." Aliwaambia kwa fahari kabisa. Nikaitikia kwa kichwa kama mjinga.

Zimebaki breki. Masta ya breki ya gari la umri huu haipatikani hapa wala Bukittinggi. Bila breki siwezi kuzishuka kona arobaini na nne za kwetu Maninjau, hata malaika wakinishikia usukani.

Na hapo ndipo nataka kukuuliza. Ufunguo wa nyumba ya mama uko kwa nani siku hizi? Bado kwa yule mama jirani, Nurlela? Nataka nijue paa linavuja upande gani, nikifika nianze nalo. Katika barua yako ya kurasa mbili nzima, nyumba hukuitaja hata mara moja.

Juzi walikuja kumchukua mzee Jamaris, yule aliyeoa nyumba ya tatu kutoka hapa. Mkewe alikufa baada ya Yulidar. Walikuja magari matatu, dada zake, wapwa zake, na chombo cha tambuu kimefunikwa kitambaa cha dhahabu. Alitoka amevaa koti. Alinipungia mkono, nami nilikuwa chini ya gari, sikuona vizuri.

Wako, Uda Zulbahri


Palembang, 14 Juni 1996

Kwako Uda wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nilikuwa nayo kwenye mfuko wa aproni mpaka imelowa. Sisi wazima. Mpishi mpya nimepata, anatia chumvi kama baharini ni kwao.

Nimebadili mawazo kuhusu gari. Ulikuwa sahihi, na mimi nilikosea. Litengeneze, Uda. Tena litengeneze vizuri, polepole, hakuna anayekukimbiza. Bodi ichomelewe, sakafu itiwe bati jipya, hata rangi ukipenda. Kitu ulichokaa nacho miaka yote hiyo hakitupwi hivi hivi.

Masta ya breki nimeipata hapa kwa mzee mmoja anayekusanya vipuri vya zamani, pamoja na mipira yake na paipu mbili. Nampa Rusdal, mtoto wa marehemu mama mdogo. Siku hizi anaendesha basi la Bukittinggi, atapitia kwako Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Nimemfungia pia nguo ya batiki ampe Ernawilis, maana si vizuri ndugu yetu aingie nyumba ya watu mikono mitupu.

Habari ya ufunguo tutaongea. Usihangaike na mambo ya paa kwa sasa.

Mdogo wako, Asnimar


Palembang, 1 Julai 1996

Uda,

Sisi wazima. Natumaini nawe.

Rusdal amerudi jana jioni. Amekaa pale mezani, hakugusa chakula, ndipo nikajua kuna jambo. Anasema alipofika na kifurushi na nguo ya batiki, walimkaribisha kwa mikono miwili. Ernawilis alilia. Wakatandika mikeka, wakaita majirani, kuku watatu wakachinjwa. Anasema alidhani ni ukarimu tu. Walipoanza kusema maneno, yale ya "tulimpokea kwa heshima, tunamrudisha kwa heshima", ndipo akaelewa wamemchukulia kuwa ndiye aliyetumwa na ukoo kuja kukuchukua. Ni mtoto wa mama mdogo, ana nguo, ana kifurushi, wangedhani nini kingine? Nilimuuliza, "Kwa nini hukusema?" Akasema, "Dada, nilimtazama Uda. Alikuwa amevaa koti. Ningesemaje?"

Anasema alikuacha ukifunga breki, uondoke na gari lako mwenyewe. Usiondoke, Uda. Kama breki umeshazifunga, zifungue.

Nyumba ya mama haipo. Niliivunja mwaka jana mwezi wa sita. Mchwa walikuwa wamemaliza nguzo za nyuma, Nurlela aliniandikia kuwa pembe moja ya paa imeanguka kwenye shamba lake la biringanya na angeumia mtu. Nilipiga hesabu ya kuitengeneza nikashindwa. Akaja mtu anayejenga hoteli, akazitaka mbao zenye nakshi. Nikampa. Nilijua nyumba haiguswi bila neno lako, wewe ndiye kaka, wewe ndiye wa kusema ndiyo au hapana. Nilianza barua mara nne. Kisha Yulidar akaugua, nikasema si wakati wake. Akafa, nikasema si wakati wake. Kisha ukaanza kuniandikia habari za gari, na kila ulipouliza nitengeneze au niache, nilisikia unaniuliza kitu kingine.

Hiyo ndiyo sababu sikuja. Mpishi nilimpata Aprili.

Kifurushi nilikutumia ili uwe na kazi ya kufanya. Nilitaka ukae hapo na spana yako mpaka nijue la kusema. Mimi na mume wangu tunaishi chumba kimoja na pazia juu ya mgahawa, ningekuchukua nikupeleke wapi?

Nilikwenda posta kupeleka telegramu. Karani akaniambia nimsomee maneno, na nyuma yangu watu wamepanga foleni. Nikashindwa. Nimeweka stempu ya haraka. Naomba hii ikuwahi.

Asnimar


Maninjau, 4 Julai 1996

Kwako Pik,

Assalamu alaikum. Mimi mzima. Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya usukani, karatasi iko juu ya sanduku la betri, usishangae mwandiko.

Nikushukuru kwanza kwa masta ya breki. Iliingia kama imezaliwa na gari. Menek alikanyaga pedali, akanitazama, akasema, "Sutan, hizi breki ni ngumu kuliko za basi." Nilizishuka kona zote arobaini na nne bila kunusa harufu ya kuungua hata mara moja, na mvua ilikuwa inanyesha. Kona ya kumi na mbili nilikutana na lori, tukapishana kwa unene wa kidole, dereva akanitukana, nikamjibu salama. Nilikuwa na furaha, Pik. Nataka ujue hilo. Tangu Oktoba sikuwahi kuwa na furaha namna ile.

Nilifika saa kumi. Nikapita pale bila kusimama, nikadhani bado mbele. Nikageuzia msikitini, nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu nikaliona jiwe la kuoshea miguu la mlangoni kwa mama. Liko pale pale, limezungukwa na muhogo. Nurlela akatoka na jembe, akaniona, akaliweka chini. Ndiye aliyeniambia. Alidhani najua, akaanza kunisifia mbao zilivyobebwa kwa uangalifu.

Nimekasirika. Siku mbili sikuweza kushika kalamu kwa hasira. Siyo kwa ajili ya nyumba. Ungeniuliza, ningekuambia ivunje. Niliziona nguzo zile mwaka ule wa tetemeko, niliingiza kidole mpaka kifundo. Ningesema ivunje, mdogo wangu, na uchukue chochote watakachokupa, na ingekuwa imekwisha kwa mstari mmoja. Lakini hukuniuliza, na kwa sababu hukuniuliza sikujua, na kwa sababu sikujua nimefanya jambo ambalo siwezi kulirudisha nyuma.

Asubuhi ya kuondoka, Ernawilis alinifuata kwenye gari. Mizigo imeshapakiwa, majirani wamesimama. Akaniinamia dirishani, akasema polepole wasisikie, "Sutan, binti na mumewe wamesema watalala sebuleni mpaka wajenge. Wewe ni wetu. Kama moyo hauendi, zima gari ubaki. Mimi nitajua la kuwaambia watu." Alikuwa ameshika mlango. Na mimi nikamwambia, "Erna, ahsante, lakini ndugu zangu wameshanichukua." Nilimwambia kwa majivuno. Nikatia gia.

Sasa siwezi kurudi. Wameshanichinjia, wameshaniaga, wameshanimwagia maji kwenye matairi. Mtu aliyerudishwa kwao hawezi kurudi tena kubisha hodi siku ya tano akisema kwao hakuna. Wangenipokea, najua. Ndiyo maana siendi.

Nurlela ananiletea wali na samaki wadogo wa ziwani. Ameniambia nilale kwao, nimekataa, mumewe yuko safarini na watu wana midomo. Naoga msikitini. Viti vya nyuma nimeving'oa nikatandika godoro, linanitosha nikikunja goti lile zuri.

Watu wanaopita wananiuliza gari limeharibika wapi. Nawaambia halijaharibika.

Zulbahri


Palembang, 17 Julai 1996

Kwako Uda wangu,

Nimeipata barua yako leo mchana. Barua yangu ya tarehe mosi imerudi juzi kutoka Payakumbuh, haijafunguliwa. Ernawilis ameandika juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu: Sutan Malano ameshachukuliwa na ndugu zake, itumeni kwao. Naitia ndani ya hii. Isome ukiwa na nguvu. Yote uliyoyaona yamo humo, na mengine unayotakiwa kuyasikia kutoka kwangu.

Sitajitetea. Nilikuwa na siku elfu za kukuuliza neno moja.

Darlis ameshakata ubao, tunagawa chumba. Upande wako una dirisha, linatazama mtaro na nyuma ya duka la kinyozi. Binti anasema atalala chini, jikoni, kwenye mgahawa. Si nyumba ya mama. Hakuna mtu atakayesimama barabarani kutazama ukishuka. Gari hatuna pa kuliweka, na nimeuliza mtaani kote. Italazimu liuzwe huko huko, Uda, na najua ninachokuambia. Ukisema hapana, nitakuelewa. Utabaki nalo, nami nitakaa hapo kwa Nurlela mpaka tujue.

Mgahawa nimeufunga. Barua hii inanitangulia kwa basi la usiku huu. Ninapanda basi la Rusdal Ijumaa, nitakuwa Maninjau Jumapili kabla ya adhuhuri. Nimeazima chombo cha tambuu kwa mama mmoja Mminang mwenzetu wa hapa mtaani, kitambaa nimekishona mwenyewe, si cha dhahabu. Nimemwomba Rusdal aje na kofia, na mara hii nimemfundisha maneno ya kusema. Tutakuwa wawili tu. Nilijaribu kutafuta watu zaidi, hawakupatikana.

Tutaacha basi barabarani, tutakuja kwa miguu mpaka gari lilipo. Nitasimama nje ya mlango wa dereva na nitabisha, kama wanavyobisha wanaokuja kumchukua mtu wao. Nitasema mimi ni Asnimar, binti wa mama yako, nimechelewa miezi tisa. Kama hutaki kuniona, geuza uso upande wa ziwa, nitasubiri hapo kwenye muhogo mpaka jioni.

Naomba unifungulie.

Mdogo wako, Asnimar